Vishikio vya ukutani bafuni kwa mzazi mzee: uzoefu wangu

Nimemfungia mama vishikio viwili vya chuma cha pua bafuni, nyumbani kwake Tanga, na naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mzazi aliyeanza kutembea kwa kushikashika ukuta. Vinafaa sana, ila hata chuma kizuri hakina msaada kikifungwa mahali ambapo mkono wa mzee haufiki.

Madukani vipo vya aina mbili. Vile vya kunata kwa mpira, unabana kwenye kigae bila kutoboa, ni rahisi kufunga, lakini sivipendekezi kwa mtu anayevitegemea kubeba uzito wake. Mpira unaweza kuachia ghafla, na kwenye maungio ya vigae haushiki vizuri. Nilichukua vya skrubu, unene wa kama sentimita 3.5, kiganja cha mama kikakizunguka chote.

Fundi tuliyempata alinifurahisha. Kabla hajagusa drili alimwamkia mama, akamwomba aingie na nguo zake, achuchumae, kisha ainuke. "Bibi, inuka kama ulivyozoea, mimi usinijali." Mkono wa mama ulipotua ukutani, akaweka alama ya penseli. Akamwomba arudie, alama ya pili ikaangukia karibu na ya kwanza, na hapo ndipo kishikio cha chooni kilipofungwa. Mimi ningekadiria kwa kimo changu, kingekaa juu mno. Cha pili kimesimama wima pembeni ya mlango, penye kizingiti. Mwisho fundi alikivuta kila kimoja kwa uzito wake wote kabla ya kumruhusu mama ajaribu.

Kasoro zipo. Skrubu zilizokuja kwenye boksi ziliota kutu mapema kwa hewa yetu ya bahari, tukanunua nyingine za chuma cha pua. Chuma chenyewe kimeng'arishwa mno: kikipata sabuni kinateleza, na juu ya vigae vyeupe mama, ambaye ana mtoto wa jicho, alikuwa anakipapasa. Tumekizungushia utepe mwekundu wenye uso wa kukwaruza, sasa anakiona na kukishika barabara.

Bei ilinishtua, ila sijutii. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Mtaani kwetu kuna bibi aliyevunjika nyonga bafuni, na hadi leo hatembei bila kushikwa. Inaniuma kila nikimwona.

Kishikio hakizuii kizunguzungu, lakini. Mama anameza dawa za presha, na muuguzi wa kliniki alimwelekeza kwamba akiamka usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mpaka kichwa kitulie. Ndala zilizolika soli tumezitupa na taa ya koridoni haizimwi.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya zile skrubu. Kama ukuta wenu ni wa jasi, msikubali fundi atoboe tu na kufunga: lazima kwanza nyuma yake kuwe na ubao imara wa kushika skrubu.