Multivitamini ya elfu 38: lebo nimeisoma kuliko mkataba wa nyumba

Haya wakuu, ile review ya vidonge hii hapa. Jina la kampuni silitaji maana haya madude yanafanana yote, chupa nyeupe ya plastiki, kifuniko cha kubonyeza ndo uzungushe, picha ya chungwa lililokatwa na mdada anakimbia ufukweni, ingia duka la dawa lolote Kariakoo utayakuta yamepangwa nyuma ya kioo. Yangu imetoka Ulaya, vidonge 60, kimoja kwa siku, elfu 38 baada ya kubembelezana bei. Nyota tatu kwa tano.

Mambo madogo tuyamalize haraka. Kidonge ni kikubwa, kama huwa unasumbuka kumeza utasumbuka kweli. Kinanuka ile harufu ya vitamini B, ukifungua chupa inakupiga. Usimeze tumbo tupu, kichefuchefu chake si mchezo, subiri ushibe. Na mkojo utakuwa wa njano kali kama umepakwa rangi, usikimbilie hospitali, hiyo ni B2 iliyozidi inatoka zake, yaani sehemu ya hela yako ndo unaiona inaenda chooni.

Sasa tuje kwenye lebo maana ndo iliyonifanya niandike. Kaka wa dukani alinigeuzia chupa akaniwekea kidole kwenye mstari wa B12, "dada hii ndo kali, ona, asilimia 1000". Halafu akaongeza kwamba nikijisikia nimechoka sana nimeze viwili viwili. Sawa, asilimia 1000 ya nini? Maana ukiambiwa asilimia lazima kuna 100 mahali, kuna mtu alikaa akasema binadamu mzima kwa siku anatakiwa apate kiasi hiki, na huyo mtu amejuaje? Nikaanza kuchimba, na kusema ukweli nilichokikuta kimenifurahisha kuliko vidonge vyenyewe.

Kwanza hiyo 100 haifanani dunia nzima. Kidonge changu kina vitamini C miligramu 80 na lebo inasema 100%, kwa sababu lebo za Ulaya zinahesabu 80 ndo siku nzima. Chukua kidonge hichohicho ukibandike lebo ya Marekani kinakuwa 89%, wao wanahesabu 90. Waingereza ushauri wao kwa mtu mzima ni 40. WHO na FAO, yale mashirika ya afya na ya chakula ya Umoja wa Mataifa, 45. Halafu wataalamu wa mamlaka ya chakula ya Ulaya hiyohiyo wakasema mwanaume ni 110 na mwanamke 95, ila namba ya kwenye lebo ikabaki 80. Sasa mwili ni uleule na chungwa ni lilelile, kinachotofautiana ni swali walilouliza. Mmoja ameuliza "kiasi gani kinamzuia mtu asipate kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa vitamini C, na akiba kidogo ibaki", mwingine ameuliza "kiasi gani kinajaza seli za mwili karibu na mwisho". Majibu lazima yapishane.

Walivyopata majibu sasa, sikia hii. Mwaka 1944 vita haijaisha, kule Sheffield Uingereza kulikuwa na vijana waliokataa kwenda kupigana kwa sababu ya imani na dhamira zao, wakajitolea kufanyiwa utafiti. Mmoja wa waliousimamia ni Hans Krebs, yule mwanasayansi Mjerumani aliyewakimbia Wanazi na baadaye akapata Nobel mwaka 1953. Wakachukua watu 20 wakawapa chakula kisicho na vitamini C. Kumi hawakupewa kabisa, saba wakapewa miligramu 10 kwa siku, watatu wakapewa 70. Miezi ikaenda, wale kumi wakaanza vidoti vya damu kwenye vinyweleo, fizi zikavimba, na wote walikuwa wanachanwa paja makusudi wataalamu waangalie kidonda kinafunga vipi. Vya wale wasiopata kitu vikawa vinasuasua kupona. Wa miligramu 10 wakapona vizuri tu, huwezi kuwatofautisha na wa 70. Kumi! Na waliokuwa wameshaugua wakipewa hizohizo kumi wanapona. Kwa hiyo kwa kiseyeye peke yake miligramu 10 zinatosha, zinazoongezwa juu yake ni akiba na tahadhari.

Wamarekani wakaja kivingine. Wao orodha ya kwanza waliitoa mwaka 1941, wakati wa vita pia, kamati ikiongozwa na mama mmoja anaitwa Lydia Roberts, maana serikali ilitaka kujua iwalishe vipi askari na raia. Ila namba ya vitamini C wanayotumia sasa ni ya mwaka 2000 na kwa kiasi kikubwa imekaa juu ya utafiti wa vijana wa kiume saba waliolazwa kule Bethesda miezi minne hadi sita, wanaongezewa dozi kidogokidogo kuanzia miligramu 30 mpaka 2,500, huku damu na mkojo vinapimwa. Wakaona ukifika kama 100 seli nyeupe za damu zimejaa, ukizidi hapo hazibebi tena, na ukienda kwenye dozi za elfu na zaidi mwili unanyonya hata nusu haufiki. Wanaume saba! Na sisi wanawake? Mwaka ule namba yetu ilipigwa hesabu kutoka kwa wanaume, wakapunguza kwa sababu miili yetu ni midogo. Sijui nyie, mimi hapo nilicheka kwa hasira.

Haya, ukishajua watu wanahitaji kiasi gani, namba ya lebo inatokaje? Hapa ndo kaka wa dukani na wenzake wengi wanapotupotosha, naamini si kwa makusudi. Watu hatufanani, kuna ambaye mwili wake unaridhika na kidogo na kuna mwenye mahitaji makubwa. Wanasayansi wanaanza na kiwango cha katikati, kile ambacho nusu ya watu wenye afya wa umri na jinsia fulani kinawatosha na nusu hakiwatoshi. Kwa wanaume vitamini C hiyo ni 75. Ukiwashauri wote wapate miligramu 75 maana yake nusu umewaacha njaa, kwa hiyo wanapanda juu kwa mara mbili ya ule mtawanyiko wa tofauti za watu, na kama mtawanyiko wenyewe haujulikani vizuri (mara nyingi haujulikani) wanakadiria kila hatua ni asilimia 10. Kwa hiyo 75 ongeza asilimia 20, unapata 90. Wanawake 60 ongeza asilimia 20 ni 72, wakaisogeza ikawa 75. Namba ya mwisho inatosheleza watu 97 au 98 kati ya 100.

Fikiria fundi wa milango. Hatengenezi fremu kwa urefu wa mtu wa kati, nusu ya mtaa watagonga vichwa, anaweka juu ili karibu kila mtu apite. Wewe mfupi ukipita na nafasi inabaki juu haimaanishi una upungufu wa urefu. Ndo ilivyo hiyo 100% ya lebo, imewekwa juu kusudi, na karibu nusu yetu tungekuwa sawa kabisa na kama asilimia 83 yake. Na ni wastani wa siku nyingi, siyo mtihani wa kila siku, jana hukugusa tunda na leo ukala mapera mambo yameisha, gramu mia za mapera tu zina vitamini C zaidi ya miligramu 200.

(Kalori peke yake hawazifanyii hivyo, wanaishia katikati, maana wakimwambia kila mtu ale kiasi cha mwenye mahitaji makubwa tutanenepa taifa zima.)

Kwa hiyo B12 asilimia 1000 ni nini? Ni mikrogramu 25 wakati lebo ya Ulaya inahesabu siku ni 2.5. Yaani namba ambayo tayari imepandishwa ili iwatoshe karibu watu wote, wameizidisha mara kumi. Haidhuru, mwili unanyonya kidogo zingine zinatoka, na kwa asiyekula nyama, samaki, maziwa wala mayai, au mzee ambaye tumbo lake halinyonyi vizuri, inaweza kumsaidia kweli. Ila mimi ninayekula dagaa na mayai nanunua namba ya kupendeza machoni. B12 ni rahisi kuizidisha mara kumi, haichukui nafasi kwenye kidonge.

Madini ya chuma yanachukua nafasi, na hapo ndo nyota zilipoanguka.

Shuka mstari wa chini kabisa wa lebo ile, maandishi yamekuwa madogo ghafla: chuma miligramu 5, asilimia 36. Kwa mwanamke anayeona hedhi! Wanasayansi chuma hawakupimi kwa kukuchana paja, wanapiga hesabu ya kinachotoka: kinachopotea kwa ngozi na utumbo, mwanaume ni kama miligramu moja kwa siku, halafu mwanamke wanaongeza damu ya mwezi, na hiyo inatofautiana sana mtu na mtu, kuna wanaopoteza kidogo na kuna wanaopoteza mara kadhaa ya wenzao, kwa hiyo ile hesabu ya kupandisha asilimia 20 hapa hawaitumii kabisa, wanafuata mtawanyiko wenyewe mpaka juu. Kisha wanagawa kwa kiasi unachonyonya kutoka kwenye chakula. Marekani wanachukulia mtu ananyonya asilimia 18, mlo una nyama ya kutosha, wakapata miligramu 18 kwa mwanamke na 8 kwa mwanaume. FAO na WHO wakasema ngoja, siyo dunia nzima inakula hivyo, wakatoa namba nne. Kama mlo wako unanyonyeka asilimia 15 unahitaji miligramu 19.6. Kama ni asilimia 5, unahitaji 58.8.

Hamsini na nane! Na mlo wa asilimia 5 unafanana na nini? Ugali wa dona, maharage, nyama ya kubahatisha, na chai ya rangi juu yake. Dona na maharage vina fitati inayoshika chuma, chai ina tanini inayofanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo asilimia 36 ya Ulaya imepigwa kwa 14 yao, ukiniwekea kipimo cha mlo wa dona na chai, zile miligramu 5 hazifiki hata kumi kwa mia. Lebo haidanganyi, ila haikuandikwa ikiwa na sahani yangu mbele yake. Kwa kulinganisha tu, WHO wanashauri mjamzito apate chuma miligramu 30 hadi 60 kwa siku, zile tembe za kliniki ambazo watu wanazitupa kwa sababu ya harufu ndo zenye kazi.

Nimebadilisha vitu ambavyo havina gharama. Chai naisogeza mbali na chakula, ndimu au embe napeleka karibu na maharage maana vitamini C inasaidia chuma kunyonyeka, uji nauacha uchachuke kwanza, kuchachusha kunapunguza ile fitati.

Na sasa ule ushauri wa kumeza viwili viwili, tafadhali msiufuate. Kidonge kina vitamini A mikrogramu 800 ya aina ya retino, ile iliyo tayari kutumiwa na mwili. Kuna namba nyingine ambayo lebo haikuonyeshi, ya ukomo wa juu, inapatikana kwa kutafuta dozi ambayo haijaonyesha madhara kisha wanaigawa ili kuwe na usalama. Kwa vitamini A ya aina hiyo ukomo ni mikrogramu 3,000 kwa siku, kinachoogopwa ni ini na, kwa mjamzito, mtoto kuumbika vibaya. Viwili ni 1,600, weka mafuta ya kula yaliyoongezwa vitamini A, weka na maini ya Jumapili, utaona mwenyewe unaelekea wapi. Ile ya mchicha na karoti haina shida hiyo, mwili unaigeuza kwa kadiri unavyohitaji.

Kitu kingine, namba zote hizi ni za watu wenye afya. Kama una TB, figo, umetoka kujifungua ukapoteza damu nyingi, au unachoka mpaka ngazi zinakushinda, hiyo lebo haikuhusu. Nenda upimwe wingi wa damu, kipimo hakifiki bei ya chupa hii.

Nyota moja imeondoka kwa chuma, nyingine kwa yale maandishi madogo kuliko ya B12. Tatu zimebaki kwa sababu vitamini D, zinki na foliki zimewekwa kwa kiasi cha maana na hawajazidisha, tarehe ya mwisho ilikuwa mbali, na chupa inafunga vizuri, mtoto wangu amehangaika nayo akaiacha. Mwanaume unayekula nyama na matunda, elfu 38 nunua samaki. Mwanamke uliyekuwa unaifikiria kwa sababu ya uchovu wa mwezi, muulize muuzaji mstari wa chuma kwanza kabla hajakuonyesha wa B12, na akikuta ni 5 mwambie akutolee nyingine.