Bodoni Moda kwenye jalada na kadi ya harusi: uzoefu wangu

Bodoni Moda ni fonti ya bure kwa leseni ya OFL (leseni huria ya fonti), kwa hiyo hata kazi ya kulipwa hainunuliwi kibali. Owen Earl aliichora akifuata herufi za Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma: nguzo nene (mistari ya wima), nyuzi nyembamba kama unywele, serifi (vijimstari vya ncha za herufi) bapa zisizo na kikunjo. Kwa jalada la jarida la mitindo au lebo ya manukato, sijapata ya bure inayoishinda.

Uzuri wake wote umo kwenye mhimili wa opsz, yaani kipimo kinachobadili umbo la herufi kulingana na ukubwa wake, kuanzia 6 hadi 96. Namba ikipanda nyuzi hukonda. Ikishuka hunenepa na herufi huachiana nafasi. Wengi huweka 96 kwa ajili ya kichwa, kisha hunakili mtindo uleule kwenye maandishi ya pointi 9. Nyuzi hupotea, zikabaki nguzo tupu kama uzio. Kiswahili huumia zaidi, maana neno kama “umuhimu” ni nguzo mfululizo. Kwa pointi 10 mimi huweka opsz 10 au chini yake, na nafasi ya mstari hadi mstari pointi 15. Makala ikizidi aya mbili tatu, natafuta fonti nyingine.

Kwenye tovuti, kiungo cha Google Fonts lazima kitaje opsz,wght@6..96,400..900 (wght ni uzito wa herufi). Ukitaja jina peke yake unaletewa umbo moja la kawaida, na kichwa cha pikseli 60 kinatoka kizito, hakina mvuto. Fonti inalaumiwa bure.

Uchapaji ndio mtihani mkubwa. Maandishi meupe juu ya weusi wa wino nne (mweusi uliochanganywa na rangi nyingine tatu za uchapaji) ni hatari: bamba la wino mmoja likihama kidogo tu, rangi inaingia ndani ya nyuzi. Tumia wino mweusi peke yake, shusha opsz hadi 28 hata kama herufi ni za pointi 60, na uzito uwe 500. Pima uzi wenyewe kwenye PDF: usipungue pointi 0.25 kwa wino wa kawaida, na 0.5 kwa herufi nyeupe au foili ya dhahabu ya kadi za harusi. Karatasi isiyopakwa tabaka laini juu hunywa wino na kuutawanya, hapo ongeza zaidi.

Ritifaa ya “Ng’ombe” au “Ng’wanza” iwe ile iliyopinda, yenye namba ya Unicode U+2019. Iliyonyooka inaonekana kama kijiti kilichodondokea kwenye kichwa cha habari. Kisha sogeza kwa mkono nafasi kati yake na herufi inayofuata. Kwenye pointi 72 pengo hilo linaonekana kutoka mbali.

Mchapaji wako akiwa hana uhakika na nyuzi, chukua fonti ya Playfair Display, ni imara zaidi. Ila washa lnum (mpangilio wa fonti unaosawazisha urefu wa tarakimu), la sivyo tarakimu za bei na simu zitapanda na kushuka mstarini.