Matairi ya njumu: msimu wangu wa kwanza wa theluji Minneapolis, Marekani

Nimekulia Shinyanga, ambako baiskeli inabeba magunia ya mkaa na haisemi kitu, kwa hiyo nilifika huku nikijiona najua. Desemba tairi la mbele liliteleza kwenye kona, nikajikuta nimelala ubavu na kengele inalia yenyewe.

Wiki hiyohiyo nikanunua Schwalbe Marathon Winter, matairi yenye vimsumari vigumu, zaidi ya 200 kila moja. Mimi nayaita matairi ya njumu, maana kazi ni ileile ya njumu za viatu vya kuchezea mpira. Kilomita 40 za kwanza unaendesha taratibu kwenye lami, bila kufunga breki ghafla, ili njumu zikae sawasawa. Kwenye lami kavu yanalia kama bisi kwenye sufuria, na ni mazito kama yote ya aina hii. Safari yangu ya kwenda kazini ya dakika 25 imekuwa 35. Ila kwenye barafu yanashika! Punguza upepo kidogo, njumu za pembeni nazo ziguse chini. Kama hela inatosha tairi moja tu, weka mbele. La nyuma likiteleza utajitetea. La mbele halikupi nafasi.

Mikono ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilianza na glavu za bei mbaya, na kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri vidole vilikufa ganzi kabla sijafika nusu ya njia. Kilichoniokoa ni mifuko ya usukani: inafungwa kwenye usukani, unaingiza mkono na breki ziko humohumo ndani. Baiskeli inafanana na punda aliyelaza masikio, lakini ndani navaa glavu nyembamba tu. Ningeanza na hii.

Koti kubwa nimeliacha ndani. Ukitoka nyumbani ukiwa na joto, dakika kumi baadaye umelowa jasho, na jasho hilo likipoa utajuta. Fulana ya sufu, koti jepesi la kuzuia upepo, basi. Uanze ukiona baridi kidogo.

Napita Midtown Greenway, njia ya baiskeli iliyojengwa palipokuwa na reli, na theluji huondolewa. Barabarani humwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi inakula cheni, kwa hiyo kila jioni naifuta na kuitia oili. Kosa langu lilikuwa kuilaza baiskeli sebuleni: theluji iliyeyuka, maji yakaingia kwenye frihwili ya gurudumu la nyuma, ile inayoshika pedali zikikanyagwa, na asubuhi nje yakaganda. Nikakanyaga pedali, zikazunguka bure, nikaikokota hadi kazini. Sasa inalala bandani, kwenye baridi yake.

Taa bado ni tatizo. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, na baridi inanyonya chaji, kwa hiyo nikifika kazini naichomoa taa na kuiweka mfukoni. Wenzangu wameshazoea.