Akiki ya Pinki: Je, Ni Feki?

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo mezani nina bangili ya shanga nyeusi, pete ya samawati, na hiki kipande bapa cha kuwekea kikombe, pinki ya kupiga kelele. Vyote nimevinunua hapa hapa Kampala, na vyote nimehakikishiwa ni akiki, lile jiwe la pambo lenye mistari: "Akiki orijino, ssebo!" Wengi mnaniuliza kama ni feki.

Jiwe lenyewe si feki. Hili hapa linakwaruza kioo, plastiki haiwezi. Iliyotiwa ni rangi.

Ngoja nimulike hiki kipande kwa nyuma na tochi ya simu. Mnaona mstari huu umekunywa pinki mpaka umekolea, na jirani yake umebaki mweupe? Akiki ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mstari wenye vitundu vingi hunyonya, ulioshikamana hukataa. Hapa katikati penye fuwele za kumetameta, rangi haikupita kabisa. Na huu ufa sasa, ona pinki ilivyojazana humo kama damu kwenye mshipa! Akiki ya asili huwa kijivu, nyeupe, kahawia, rangi ya asali au wekundu wa kutu. Samawati ya asili ipo, ile hafifu inayotoka Namibia, lakini pinki hii, hapana.

Nachovya pamba kwenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Nasugua... haya, pamba imeshika upinki. Kwenye pete ya samawati, pamba imetoka safi.

Msishangilie. Samawati ya namna hii hutengenezwa kwa chumvi za chuma zinazokutana ndani ya jiwe lenyewe, asetoni haiifikii. Nyeusi nayo? Jiwe hulowekwa kwenye maji ya sukari, kisha likatiwa asidi ya salfuriki, sukari ikageuka kaboni, nyeusi kama mkaa, humo humo ndani. Mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, wameifanya kazi hii tangu karne ya 19, wakitumia sana mawe ya Brazili. Hata nyekundu, zile za pete wanazovaa wazee wetu pale msikiti wa Old Kampala, nyingi hupikwa motoni ili chuma kilichomo kiive wekundu. Zisizopikwa zipo pia.

Kwa hiyo bangili nyeusi naipitisha bila wasiwasi, jasho haliitoi rangi. Ila muuzaji akikupandishia bei eti ni nyeusi ya asili, mwache na jiwe lake, maana karibu zote za sokoni zimetiwa. Pete chukua kama umeipenda, kwa bei ya pambo.

Hiki cha pinki ndicho sikipendi. Rangi zake hupauka juani, na mimi meza yangu iko dirishani. Ukikitaka, kiweke kivulini, na bei ikatie chini bila huruma.