Tahadhari: muuzaji wa vyumba vya bustanini anayeuza kuta tupu

Natoa tahadhari hii kwa yeyote anayepanga kujenga chumba cha bustanini chenye kuta za kuhami joto, kiwe cha ofisi, cha mazoezi au cha wageni, na hasa kwa anayefikiria kununua kile kinacholetwa kwa paneli zilizokwisha kufungwa pande zote mbili. Mimi nimeuziwa kuta tupu. Sitamtaja muuzaji kwa jina, kwa kuwa madai yangu dhidi yake bado hayajaamuliwa, lakini nitaeleza alivyofanya kazi ili mwingine asinaswe.

Mkataba tuliotia saini ulisema kwamba ukuta ungekuwa na unene wa milimita 120 pamoja na “kihami joto cha hali ya juu”. Maneno hayo niliyasoma mara mbili na kuyaridhia, nisione kwamba hayataji chochote: si aina ya kihami, si unene wake. Hizo milimita 120 nazo zilikuwa za ukuta mzima, kuanzia ubao wa nje hadi plaiwudi ya ndani. Nililipa asilimia 60 siku ya kuagiza, na asilimia 40 iliyobaki mafundi wake waliidai kabla ya kushusha mzigo garini, wakisema huo ndio utaratibu wao. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, ila mtu aliyekwisha kumwaga zege la msingi huwa na hamu ya kuona kuta zikisimama, nami nikalipa.

Chumba kilisimamishwa kwa siku mbili na kwa macho kilipendeza. Msimu wa baridi ulipoingia, hita iliwaka kutwa nzima na joto halikukaa. Kisha siku moja nikatoboa ukuta ili nifunge rafu, na drili ilipomaliza plaiwudi ikazama ghafla. Nikachukua spoku ya baiskeli nikaipitisha kwenye tundu, ikaenda bila kukwama mpaka ikagonga ubao wa nje. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikafungua soketi na kumulika ndani kwa tochi. Kulikuwa na karatasi moja ya mapovu ya plastiki yenye foili, isiyozidi milimita 4, imepigwa pini moja kwa moja kwenye ubao wa nje. Matone ya maji yalikuwa yakitiririka juu ya foili hadi kwenye boriti ya chini, ambayo ilikwisha kuota ukungu mweusi.

Nilipompigia simu muuzaji, alinijibu kwa utulivu kwamba hakuna kihami bora kuliko hewa iliyotulia, na kwamba foili huakisi joto. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nadhani ndiyo maana wengi hunyamaza wakilisikia. Hewa huhami joto ikiwa imetulia kweli. Lakini ndani ya uwazi wenye upana wa karibu milimita 90 haitulii, kwa sababu iliyo upande wa chumba hupata joto na kupanda, iliyo upande wa nje hupoa na kushuka, ikawa inazunguka saa zote huku ikibeba joto kulipeleka nje. Kazi ya pamba ya madini au ya povu gumu ni kuikamata hewa au gesi katika nafasi ndogo mno isiweze kuzunguka. Foili nayo huakisi joto uso wake ukiwa mkavu na safi, mbele yake kukiwa na uwazi wa hewa. Yangu ilikuwa imelowa chepechepe. Tena haipitishi mvuke, na kwa kuwekwa upande wa baridi iliuzuia unyevu wa chumbani usitoke, ukageuka maji papo hapo. Penye baridi, kizuizi cha mvuke hukaa upande wa ndani wenye joto, nyuma ya plaiwudi. Upande wa nje hukaa utando unaozuia mvua lakini unaopitisha mvuke, kisha nafasi ya hewa ya takribani milimita 25 kabla ya mbao za nje.

Kwa hiyo, mdai muuzaji namba ya upitishaji joto wa kihami chake; kadiri ilivyo ndogo ndivyo kinavyohami vizuri zaidi. Bamba la povu gumu la PIR hupitisha joto kwa takribani wati 0.022 kwa mita kwa kelvini, na pamba ya madini takribani 0.035 hadi 0.044, maana yake milimita 100 za PIR huhitaji karibu milimita 180 za pamba ya kawaida ili zilingane. Muuzaji mwenye kitu halisi atakuandikia aina, unene na namba hiyo katika mkataba bila kusita, kwani vimechapishwa kwenye lebo ya pakiti. Kama paneli zinaletwa zikiwa zimefungwa, chagua moja wewe mwenyewe, ifunguliwe skrubu mbele yako kabla hujatia saini ya kupokea mzigo. Kama ukuta unajengwa hapo hapo, sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako hadi uone kihami kimejaa kati ya mihimili, bila mianya, ndipo plaiwudi ipigwe.

Omba pia kutembelea chumba kimoja alichokwisha kujenga. Mimi niliridhika na picha. Wiki iliyopita tangazo lake liliondolewa, na picha zilezile, hata ile yenye chungu cha maua chenye ufa kwenye ngazi, sasa ziko chini ya jina jipya la biashara na namba mpya ya simu.