Diski ya mtumba ya Clangers: uzoefu wangu

Nilinunua diski hii mtandaoni kwa ajili ya mwanangu wa miaka sita, lakini nakiri kwamba siku hizi mimi ndiye ninayeiwasha akishalala. Ina vipindi vya Clangers, filamu fupi za vikaragosi za Uingereza zilizoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 1969, na kila kimoja huchukua takriban dakika 10.

Clangers ni viumbe wa rangi ya waridi, wenye pua ndefu kama za panya, wanaoishi mashimoni katika kijisayari kikavu na kujifungia kwa milango inayofanana na mifuniko ya mapipa ya taka. Oliver Postgate ndiye aliyeandika hadithi, akapiga picha na kusimulia. Peter Firmin alitengeneza vikaragosi na mandhari, na mkewe Joan akawafuma viumbe hao kwa sufi. Upigaji picha ulifanyika katika zizi kuukuu la ng'ombe karibu na Canterbury, kikaragosi kikisogezwa kidogo, kikapigwa picha, kikasogezwa tena. Ukitazama kwa makini utaona nyuzi za sufi zikitikisika pale vidole vilipogusa, nami naona utamu wa filamu hizi uko hapo hapo.

Kilichonishangaza zaidi ni mazungumzo. Viumbe hawa hawatamki neno hata moja; husemezana kwa filimbi ambayo sauti yake hupanda na kushuka, ingawa Postgate aliandika kwanza kila kauli kwa Kiingereza, kisha ikapigwa kwa kufuata mkazo wa maneno yale. Ndiyo maana kuudhika, kubembeleza na kununa vyote vinasikika. Mwanangu, ambaye Kiingereza chake bado ni cha kuhesabu namba, ananitafsiria bila kuombwa: "Baba, huyo mdogo ameambiwa aingie ndani, hataki."

Maelezo ya msimulizi, hata hivyo, ni ya Kiingereza na nakala yangu haina maandishi chini ya picha, hivyo hapo zamu ya kutafsiri hunirudia. Vipindi vichache vinajikokota. Kabla ya kununua, kagua pia namba ya eneo, yaani namba inayoonyesha DVD imekusudiwa deki za sehemu gani ya dunia: diski nyingi za Uingereza ni za eneo la 2, ilhali Afrika Mashariki iko eneo la 5. Muuzaji hakunieleza, deki yangu ikaikataa, na wiki nzima tuliitazama kwa jirani.