Matajiri wa dili chafu: uzoefu wangu na 76 Patrons

Nimesimamia Traveller, mchezo wa mezani wa kuigiza wasafiri wa anga za juu, kwa muda mrefu, na nilikuwa nakwama palepale kila mara: kwa tajiri anayewapa wachezaji kazi. Nasema tajiri kwa maana ya mwenye dili. Mfukoni anaweza asiwe na kitu. Wa kwangu wote walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kona ya baa, sauti ya chini, na mwisho anawageuka. Baada ya mara ya tatu wachezaji waligoma kupokea kazi yoyote, na sikuweza kuwalaumu.

Nikajaribu 76 Patrons, kijitabu cha matajiri wa Traveller kilichotolewa na Game Designers' Workshop mwaka 1980. Maandishi yake ni makavu kama fomu ya forodha. Ila kila kazi ina pande mbili: wanayoambiwa wachezaji, na ya msimamizi peke yake. Upande huo wa pili una majibu kadhaa, na dadu ndiyo inayoamua lipi ni la kweli. Kabla sijarusha, hata mimi sijui kama huyu mtu ni mwongo. Wachezaji wangu, waliozoea kunisoma usoni, safari hii hawakuona kitu.

Nikaanza kutunga wa kwangu kwa mtindo huo. Bibi mmoja mpole anataka sanduku lipelekwe mfumo wa nyota wa jirani. Anasema ni mbegu. Nusu ya malipo anatoa papo hapo, sharti lisifunguliwe. Dadu ikileta 1 au 2, ni mbegu kweli, ila za wizi. 3 au 4, ndani kuna mtu aliyegandishwa, bado hai. 5 au 6, sanduku ni tupu: anataka askari wahangaike kuipekua meli yenu huku mzigo wake halisi ukipita mlango mwingine.

Ikaanguka 5. Walitetea sanduku tupu kwa risasi!

Sheria za Traveller zenyewe zinambeba tajiri wa namna hii. Meli ya mkopo hulipwa kila mwezi kwa miaka 40, awamu 480, kila awamu 1/240 ya bei. Piga hesabu: awamu peke yake ni mara mbili ya bei ya meli. Mwenye deni hilo hachagui sana wa kumfanyia kazi. Tena habari haziwezi kuitangulia meli, na mruko mmoja kutoka mfumo wa nyota hadi mwingine huchukua takriban wiki nzima. Wachezaji waliporudi na hasira zao, bibi alikuwa ameshahama.

Kinachoniudhi ni kwamba watu wa kijitabuni ni kazi zao tu. Mwanasayansi, mwandishi wa habari, basi. Hana sauti, hana hofu. Hapo utajitegemea. Mimi huongeza mistari miwili: anamwogopa nani, na ni jambo gani moja analodanganya. Moja tu. Bibi wangu alidanganya kuhusu sanduku, lakini nusu ya pili ya malipo waliikuta inawasubiri bandarini, kamili, haijapungua hata krediti moja.

Ndiyo maana juzi, awamu ya meli ilipokaribia, mmoja wao aliniuliza kwa aibu kidogo: "Yule bibi, tunampataje?"